Siku Beki Alipokatazwa Kukaba

Nilikuwa beki. Kazi ya beki ni kukaba, na siku moja watu wazima wenye akili timamu walinikataza kukaba. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Ilikuwa mwaka ule wa vita vya uchaguzi. Nyumba yetu ya mtaa wa Munyaka ilikuwa imechomwa, mimi na mama tukaishia kwenye hema. Kitu kimoja tu kilinipa hamu ya kuamka: mama mmoja angetoka Nairobi kuchagua wasichana wa timu ya taifa, na timu hiyo ingesafiri kucheza na Nijeria. Nijeria kulikuwa na beki niliyekuwa nikimtazama kwenye runinga ya Msomali mwenye duka jirani. Alikuwa amecheza Kombe la Dunia, analipwa kucheza Ulaya, na alipokonya watu mpira bila kuwaomba radhi. Nilitaka kusimama naye uwanja mmoja.

Mama wa Nairobi angetutazama kwenye mechi ya amani: sisi wa mahemani na wasichana wa kutoka Chepsaita, kijiji cha upande wa pili wa vita. Kabla hatujaanza, mwalimu aliyeandaa mechi alituita mabeki kando.

"Sikizeni. Leo hakuna kukaba. Mkiangusha mmoja wao, watu watasema vita imerudi."

"Sasa mwalimu, beki asipokaba afanye nini?"

"Simama tu karibu. Na utabasamu, kuna watu wa kamera."

Nitabasamu! Waliochoma nyumba yetu hakuna aliyewaita kando. Amani ya wilaya nzima ikawekwa miguuni mwangu, mtoto wa shule.

Kipindi cha kwanza nilitii. Fowadi wao, msichana mrefu mwenye mbio, alinipita mara mbili, akafunga mara mbili, nami nimesimama kama nguzo ya stima. Watu wakapiga makofi. Alipokuja mara ya tatu nilishindwa kuvumilia. Niliteleza nikachukua mpira, mpira tu. Akaanguka, akaamka akijipangusa matope. Refa hakupuliza filimbi, lakini mwalimu alikuwa ameshamwendea kocha wetu. Nikatolewa. Kocha hakunitazama hata usoni.

Mechi ilipoisha nilimfuata yule mama.

"Ile moja ilikuwa safi," akaniambia. "Lakini kocha wako alikutoa hapo hapo. Mchezaji akiwa na shida ya nidhamu, mimi siwezi kumbeba."

Nilimweleza niliyoambiwa na mwalimu. Akafunga daftari lake akasema kila asiyechaguliwa huwa na hadithi. Akamchukua yule fowadi.

Timu iliporudi kutoka Nijeria, fowadi alikuja kunitafuta mahemani. Alikuwa amekutana na beki wangu.

"Sikumpita hata mara moja," alisema. "Alinilaza chini vile wewe ulinilaza. Nikakukumbuka. Lakini wewe, mbona kwanza uliniacha nikapita?"

Nilikuwa na hasira naye kwa miezi. Nikamwambia yote, tena kwa ukali, nikitaka yamchome.

Aliketi mlangoni mwa hema.

"Kwa hivyo zile goli zangu," akauliza, "mlinipea tu?"

Nilitafuta uongo wa kumwambia, nikaukosa.