Darubini ya Baba

Leo mjukuu wangu ametia cherehani mafuta, na harufu ile imenirudisha shambani kwetu Nduruma.

Baba amelala kifudifudi juu ya gunia. Anajaribu bunduki mpya yenye darubini, mali ya tajiri wake, inayonuka mafuta kama hayo; analenga boksi lenye duara la mkaa. Kulia kwa boksi amefungwa ng'ombe wetu wa pekee wa maziwa.

Risasi ya kwanza ikapita kulia. Baba akazungusha kirungu cha darubini kulia, kama alivyozoea kusogeza kile kichuma cha kulengea cha mdomoni mwa bunduki yake ya zamani, kuelekea upande risasi ilikokosea. Ya pili ikaenda kulia zaidi. Vumbi likaruka miguuni mwa ng'ombe.

Nilitaka kukimbia nimfungue. Mama akanidaka gauni.

"Wewe mwanamume, unatuulia ng'ombe!"

"Nyamaza, nairekebisha."

"Unairekebisha imfuate! Si risasi inakwenda unakoizungushia? Zungusha kushoto!"

Baba akazungusha kushoto, tena sana. Nikaziba masikio mpaka yakauma.

Boksi likatoboka. Ng'ombe akaendelea kucheua.

"Nilikuwa naijaribu tu," baba akasema, akienda kumfungua ng'ombe.

"Bibi," mjukuu ananiuliza, "mbona umeziba masikio? Hata sijaanza kushona."