Kopo Nililolifukua Mwenyewe

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu pesa iliyotokana na dhahabu haikuruhusiwa kulala. Ya mihogo ililala. Ya pamba ililala hata miezi. Sadaka ya kanisani mama aliifunga kwenye ncha ya kanga tangu Ijumaa, ikakaa humo mpaka Jumapili. Ila ya dhahabu, ikiingia asubuhi, jioni iwe imeshatoka. Wachimbaji walikuwa wakisema kwamba ukiifunga pesa yake, ardhi nayo inajifunga. Kwa miaka mingi niliicheka imani hiyo. Siku hizi siicheki tena, ingawa si kwa sababu nimeanza kuiamini.

Tulitoka upande wa Ushirombo nikiwa darasa la tatu, baba alipoacha jembe na kufuata dhahabu kwenye kambi moja kati ya Kahama na Geita. Ilikuwa kambi ya nyumba za udongo na maturubai, yenye karasha zilizosaga mawe kutwa nzima hata ukasahau ukimya unafananaje. Baba na wenzake wanne walikuwa na duara, yaani shimo lao la kuchimba, lililoingia chini kwa kamba na magogo. Bibi, mama mzaa baba, tulikuwa naye nyumba moja. Yeye ndiye aliyezijua sheria zote za mambo yasiyoonekana: nani asipige mluzi karibu na duara, mwanamke gani asipite siku gani, na kuku wa rangi gani anatakiwa wapi. Baba alimsikiliza kwa heshima kubwa, hasa pale maneno yake yalipomfaa. Hilo la mwisho nimelijua ukubwani.

Mama alikuwa mtu wa aina nyingine. Alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari akichambua mchicha, na mbishi wa kimyakimya. Hakujibizana na bibi hata siku moja. Aliitikia vizuri, kisha akafanya lake.

Nilipoingia darasa la saba, wanawake wanaofagia vumbi chini ya karasha waliniruhusu nifagie nao siku za Jumamosi. Vumbi lile tulilichekecha, tukaliosha kwenye karai, na mara moja moja ilibaki chembe ya manjano ambayo mtu asiyejua angeipangusa kama uchafu. Jumamosi ya tatu nilipata yangu. Mnunuzi aliiweka kwenye mizani yake ndogo, akanicheka kidogo, akanilipa. Sikuwa nimewahi kushika noti ambayo ni yangu, ambayo sikutumwa nayo dukani. Nilirudi nyumbani nimeikunja kiganjani mpaka ikalowa jasho.

Kwa desturi ya kwetu ningempa bibi, aitemee mate ya baraka, halafu tuinunulie nyama au sukari, iliwe na watu wote siku hiyohiyo. Mama alinikutia njiani kabla sijafika mlangoni. Akaniingiza chumbani, akanionyesha kopo la maziwa ya unga ambalo fundi bati alikuwa ameliziba mfuniko na kuliachia mwanya wa kuingiza pesa.

"Hii ni ya kwenda sekondari," aliniambia. "Ya kwanza ukiila yote, na ya pili utaila yote, mpaka uzoee. Hapa hakuna mtu atakayekununulia sare, Milembe. Utajinunulia wewe."

"Bibi akiuliza?"

"Hajauliza."

Tulilifukia chini ya kitanda changu, kwenye sakafu ya udongo, mama akapaka juu udongo mbichi mpaka pasijulikane. Miaka ile sekondari ilikuwa bado na ada, na juu ya ada kulikuwa na sare, madaftari, dawati, na vikorokoro vingi ambavyo mzazi asipokuwa navyo mtoto anabaki nyumbani. Kwa hiyo kila Jumamosi nilifagia. Siku nyingine nilipata, siku nyingine nilikohoa bure. Nikipata, nililala kifudifudi chini ya kitanda, nikakwangua udongo, nikaingiza noti, nikaziba. Sijawahi kuwa tajiri kama nilivyokuwa mwaka ule, na ninasema hivi nikiwa na cherehani tatu.

Nilipokuwa nimeshafanya mtihani wa darasa la saba, duara la baba likawa halitoi kitu. Wiki baada ya wiki walitoa mawe makavu. Kisha siku moja duara la jirani lilimfukia kijana mmoja ambaye alikuwa akinitania kwamba atanioa nikimaliza kukohoa. Tulimzika asubuhi. Siku ya pili yake mama aliitwa Ushirombo kumuuguza dada yake, akaondoka na basi la mchana. Kabla ya kupanda alininong'oneza nikae mbali na kitanda changu.

Hiyo siku aliyoondoka, bibi alinikuta nikibangua karanga uani. Akaketi, akachukua za kwake mkononi, akabangua bila kunitazama.

"Kuna pesa imefungwa kwenye nyumba hii," alisema. "Mimi sijui ya nani. Najua tu kwamba ardhi imejifunga. Ardhi ikijifunga, mayu, haichagui wa kumfungia ndani."

Alibangua nyingine mbili tatu.

"Baba yako anashuka kesho," alisema, akainuka.

Mayu ni neno la Kisukuma la kumwita mama, na mtoto wa kike huitwa hivyo kwa mapenzi. Bibi aliniita hivyo kila siku. Lakini siku ile nililisikia kama neno la mtu anayekuaga.

Watu wazima wanaweza kusema ningesubiri mama arudi. Nami nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini nilikuwa nimemwona yule kijana akitolewa, miguu ikitangulia, na baba alikuwa anashuka kesho. Nilimpenda baba yangu. Hilo nalisema wazi, maana hadithi hii inaweza kumfanya msomaji adhani hakupendeka. Alikuwa mcheshi, aliimba vizuri, na akirudi kutoka chini alinipaka udongo puani nami nikajidai kukasirika. Nilimwona ndani ya ardhi, mdomo umejaa mchanga, kwa sababu ya sare yangu.

Nililifukua kopo mwenyewe kwa ncha ya panga. Nilimpelekea baba pale alipoketi akikagua kamba za duara, asubuhi ile ya kushuka, nikamwekea miguuni.

"Ni yangu," nilisema. "Ndiyo iliyofunga."

Baba alilitazama kopo, akalinyanyua, akalipima uzito kwa mkono. Hakuuliza lilitoka wapi. Hakuuliza lilikuwa la nini. Mtoto wa darasa la saba anaona mengi ila hajui ya kuyafanyia kazi, na mimi niliona kwamba hakushangaa, nikaliacha lipite.

"Wabeja, mayu," alinishukuru. "Umeniokoa."

Bibi akalitemea mate. Baba akalipasua kwa panga. Mchana wakachinja kuku mweupe mdomoni mwa duara, na damu yake ikamwagwa kwenye magogo. Niliambiwa nisisogee, kwa hiyo nilitazama kwa mbali nikiwa na furaha ambayo naionea aibu mpaka leo. Ilinipitia akilini kwamba kopo lilikuwa zito na kuku alikuwa mmoja, tena mwembamba. Nikadhani mambo ya mizimu yana gharama zake.

Kabla wiki haijaisha, duara likatoa. Na halikutoa kidogo. Mawe yaliyosagwa kwenye karasha yaliacha dhahabu ambayo kambi nzima ilikuja kuitazama. Bibi alipita nyumba hadi nyumba akinishika mkono, akiwaambia wanawake, "Ni huyu. Ni huyu aliyefungua." Wengine walinishika kichwa. Mwanamke mmoja, aliyekuwa ameanza kumwekea mwanawe kidogokidogo, alikwenda kuvunja kibubu chake jioni hiyohiyo. Nilimwona akirudi kutoka dukani na soda. Yeye ndiye ninayemkumbuka ninapoambiwa kwamba imani za kizee hazimdhuru mtu.

Na pesa ya dhahabu, kama sheria ilivyotaka, haikulala. Baba alinunua pikipiki, redio kubwa, na nguo za bibi. Alilisha pilau watu wasiomjua. Kisha akaenda Kahama na wenzake kumalizia, akarudi bila pikipiki, akicheka, akisema anaiachia ardhi nafasi ya kutoa nyingine.

Mama alirudi siku moja kabla yake. Aliingia chumbani kwangu, akaliona shimo chini ya kitanda. Akaniita.

"Ulimpa wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Akatoka, akakanda udongo, akaja kuliziba shimo lile, akilipapasa kwa kiganja mpaka pakawa sawa na kwingine. Nilimwambia kuhusu yule kijana aliyefukiwa, kuhusu baba kushuka, kuhusu kuku. Alisikiliza yote huku akisawazisha. Hakunigombeza. Ningemshukuru zaidi kama angenigombeza.

Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa, langu lilikuwemo. Januari ikaja. Baba alisema mwakani. Mwakani duara lilikuwa limejaa maji na wenzake wametawanyika, naye akasema tena mwakani, kwa sauti ya mtu anayesema kesho mvua itanyesha. Nilibaki kukaanga maandazi. Wasichana niliokuwa nikiwazidi kwa hesabu walipita na sketi zao za kijani, wakanunua mawili mawili, wakaniamkia vizuri kwa sababu walilelewa vizuri. Miaka mitatu baadaye nilikwenda kujifunza kushona kwa mama mmoja wa Nyahanga, pale Kahama, na huko ndiko nilikoanzia maisha yangu. Sikufa njaa. Lakini sikuitaka cherehani. Nilitaka kuwa mtu wa maabara, yule anayetazama damu kwenye kioo, na sitajua kamwe kama ningeweza.

Kwa miaka yote hiyo nilijifariji kwa jambo moja. Nilijiambia kwamba nilinunua uhai wa baba yangu. Sekondari ni nini mbele ya baba? Hata nilipoacha kuamini mambo ya ardhi kujifunga, sehemu moja ndani yangu haikuacha, maana duara lilitoa kweli, na baba alitoka chini akiwa hai kweli.

Mwaka juzi baba alilazwa hospitali ya Kolandoto kwa kifua, kile cha vumbi kinachowasubiri wengi wao. Mimi ndiye niliyemuuguza. Bibi alishafariki, na mama alishachoka. Mchana mmoja alikuwa na nafuu, akaanza kusimulia habari za kambi kama anavyopenda, na akafika kwenye ule mgao mkubwa.

"Mawe yenye dhahabu tulikuwa tumeshayaona," alisema. "Mwamba tuliupata siku nne kabla ya asubuhi ile ya kushuka. Tukanyamaza, watu wasituvamie. Shida ilikuwa pesa ya kuyapandisha na kuyasagisha. Hakuna aliyekubali kutukopesha."

Nilikuwa nikimmenyea chungwa. Nikaendelea kulimenya.

"Kwa hiyo kopo langu lililipa karasha."

"Na kuku," alisema, akacheka mpaka akakohoa. "Bibi yako alitaka kuku."

"Bibi alijua?"

"Bibi aliamini. Mimi nilimwambia tu kwamba nahisi kuna kitu kimefungwa kwenye nyumba. Nilikuwa nakusikia ukikwangua chini ya kitanda, Milembe. Nyumba yenyewe ya udongo."

"Kwa nini hukuniomba, baba?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Mwanaume anamwombaje mtoto wake pesa?"

Nilimpa chungwa, akala. Sikugombana naye, alikuwa mgonjwa. Alikufa miezi mitatu baadaye, nikamlilia, na nilikuwa namlilia kweli. Lakini tangu mchana ule sina tena kile kitu nilichokuwa nimekinunua. Angeweza kula sekondari yangu akaniachia angalau uongo wake. Huo nao aliuchukua, tena akicheka.

Nina binti mmoja, Kabula, ana miaka kumi na miwili. Likizo iliyopita alianza kuwasuka watoto wa majirani, na pesa yake ya kwanza tuliiweka pamoja kwenye kisanduku chenye kufuli. Ufunguo anao yeye. Nilimwambia yale mama aliyoniambia, kwa maneno yaleyale, kwa sababu sijapata mengine bora. Nikaongeza moja ambalo mama hakulijua au hakuthubutu: kwamba hata mimi nikiomba, anaweza kukataa.

Ni rahisi kusema maneno kama hayo ukiwa na pesa. Mwezi uliopita kodi ya fremu ninayoshonea ilinibana, mwenye nyumba akaanza kusimama mlangoni mbele ya wateja. Nilimwita Kabula. Nilimweleza kila kitu, nikamwomba anikopeshe.

Alizungusha kidole kwenye pindo la kanga yake.

"Hapana, mama," alisema. "Naomba utafute kwingine."

Nilipandwa na hasira ambayo sikujua ninayo. Nilimlisha mimi, nilimvisha mimi, kitana anachosukia nilinunua mimi. Nilimwambia sawa, akatoka, nikabaki nimeketi kwenye kiti cha cherehani bila kukanyaga pedali. Hasira ilipopoa nilijaribu kujifikiria katika umri ule, baba amesimama mbele yangu akiniomba kwa mdomo wake, nione kama ningempa au ningekataa. Siku nyingine najiona nikimpa yote. Siku nyingine nakataa na kukimbilia kwa mama. Sijui ningefanya nini, na sina namna ya kujua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniomba.