Shangazi Aliyekataa Kulaani

Watu wa kijiji chetu cha Ajia walikuwa wakimsubiri Driciru alaani, na walisubiri kwa hamu kama walioalikwa harusini. Mimi jirani yake niliwaona wakipita njia ya kwake bila safari yoyote, masikio wameyatega, kusikia kama ameshafungua mdomo.

Sababu ilikuwapo. Driciru ni mjane. Mumewe, mwanajeshi, alipokufa kule Koboko, shemeji zake walimfukuza akarudi kwa baba yake, naye mzee kabla hajafa akamkatia kipande cha shamba mbele ya ukoo mzima. Hapo analima muhogo, na hana kingine. Mwaka huu Okuonzi, mtoto wa marehemu kaka yake, akaleta wafyatuaji matofali. Waling'oa muhogo ambao haujakomaa, wakachimba udongo mpaka shamba likawa mashimo matupu. Shangazi alipouliza, Okuonzi, mwanamume mzima mwenye ndevu, akamjibu kwamba mwanamke hana shamba kwa baba yake.

Sasa, kwetu shangazi si mtu wa kuchezewa. Neno lake juu ya mtoto wa kaka yake, kama ana haki, humwangusha. Wala haliondoki mpaka yeye mwenyewe atie maji mdomoni na kumpulizia kifuani. Ndiyo maana wazee wa ukoo, ambao hawakuwa na ubavu wa kumkemea Okuonzi, walikuja kumwambia shangazi amlaani. Waoga wakubwa! Walitaka mjane awafanyie kazi yao.

"Mimi iko Mukristo," Driciru akawajibu. Familia ile ni ya jeshi. Kiswahili cha kambini ndicho lugha yao ya ugomvi. "Mudomo yangu nilipatia Yesu. Nyinyi iko na mudomo yenu, semeni na mutoto yenu."

Akaja pia Kasimiro, katekista wetu, Biblia kwapani, akamwambia asamehe na atabasamu. Nilitamani kumrushia mwiko. Muhogo wake yeye ulikuwa umesimama shambani, majani mabichi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Driciru hakutabasamu. Alikuwa na njia yake ya kusali. Asubuhi alikwenda ukingoni mwa yale mashimo na kusema kwa sauti, mikono kiunoni, nami nikimsikia huku napepeta simsim: "Mungu, mimi iko na kasirani. Laana iko hapa kwa ulimi, tena tamu. Kama wewe hapana shika mimi leo, nitasema." Siku nyingine alirudi tena kabla ya mchana, maana sala ya asubuhi ilikuwa imemwishia nguvu.

Kisha Okuonzi akakanyaga msumari wenye kutu mle shimoni. Mguu ukavimba hadi gotini, ukaanza kunuka. Wakamwambia aende hospitali, akakataa. Hiki si kidonda, alisema, huyu ni shangazi. Akatuma aitwe.

Nilimsindikiza. Ukoo wote ulikuwa pale uani, na bakuli la maji limeshawekwa tayari. Okuonzi alikuwa amelala juu ya mkeka, macho yamemtoka.

"Shangazi, mimi nimekosa," alisema. "Toa hii maneno yako. Shamba nitarudisha, watu yote wanasikia."

Shamba lote la Driciru lilikuwa mle bakulini. Funda moja la maji tu, na wazee kama mashahidi. Kasimiro, naye alikuwapo, akamwinamia: "Mama, puliza tu. Mungu anajua moyo."

Katekista huyo! Nilikaribia kumzaba kofi, ingawa, kusema kweli, mimi ningempulizia Okuonzi mtungi mzima.

Driciru alifumba macho. Midomo ilicheza kwa sala, na sisi sote tukangoja. Kisha akalisukuma bakuli.

"Mimi hapana laani wewe," alisema. "Nilitaka. Kila siku nilitaka, Mungu alikataza. Hii mguu inaoza. Mimi nikipuliza maji, wewe utalala hapa na furaha mupaka ufe. Enda hospitali."

"Hapana laani?"

"Hapana."

Wakampakia kwenye bodaboda hadi Arua. Daktari alisema angechelewa kidogo, mguu ungekatwa.

Alipona, akarudi kwa miguu yake mwenyewe. Kabla hata ya kumwamkia shangazi, aliwapeleka wafyatuaji shambani na kutangaza mbele ya wazee: shangazi mwenye haki hulaani, huyu hakulaani, basi haki hana, na shamba ni langu. Wale wazee, wale wale, wakaitikia kwamba maneno hayo yana mantiki. Nilitema chini mbele yao na sijutii.

Nilimkuta Driciru amepiga magoti penye udongo uliochimbuliwa, majembe yakilia nyuma yake. Alikuwa analia kwa hasira, nami nikapiga magoti kando yake, ngumi nimekunja.

"Mungu Baba," alisema, "Okuonzi iko na nguvu sasa. Kamata mimi na mikono yote mbili. Leo ndiyo nataka kulaani sana."