Viazi vya Hilda Cropley

Mji wetu wa Harrowick una majivuno mengi kuliko watu. Tuna kanisa, baa nne, na hati ya mfalme ya miaka mia saba iliyopita inayoturuhusu kufanya soko kila Jumamosi. Hati iko kwa Kilatini, hakuna aliyeisoma, lakini wasikie wanavyoizungumzia! Utadhani mfalme alimletea kila mmoja nakala yake mlangoni.

Na soko lenyewe nani aliliweka hai? Hilda Cropley. Alianza kuuza viazi na kabichi chini ya msalaba wa soko akiwa na miaka kumi na minne, wiki ambayo baba yake alivunjika nyonga, akakaa hapo miaka hamsini na mitatu. Theluji ikianguka, wenzake wanalala, yeye yupo. Hata mumewe alipokufa, Hilda alimzika Ijumaa ili Jumamosi isimpite. Na mdomo alikuwa nao. Ukibonyezabonyeza nyanya zake, anakuuliza, "Wewe daktari? Haya, weka chini!"

Sheria ya soko letu ni moja: uwe umeuza kitu kabla ya kengele ya saa sita mchana. Usipouza, na hukuomba ruhusa kwa maandishi, nafasi yako anapewa mwingine. Sheria ya kijinga, lakini ni ya kale, na hapa ujinga ukizeeka unawekewa kibao ukutani.

Vibao hivyo ni kazi ya Bwana Fanshawe, mwenyekiti wa kamati ya urithi, aliyehamia kwetu miaka tisa iliyopita na tayari anatufundisha sisi ni nani. Yeye ndiye aliyebuni sherehe ya miaka mia saba ya soko. Maandamano, ngoma, watu wamevaa kizamani. Nafasi ikawa haitoshi, basi kamati ikaamua nini? Soko lifutwe siku hiyo! Walifuta soko ili washerehekee soko, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Wauzaji waliletewa karatasi za kuomba ruhusa ili wasipoteze nafasi zao, wakatia sahihi kama kondoo.

Hilda alikataa. "Miaka yote hii hamjanifungia soko nyinyi, hata vita vya enzi za baba yangu havikulifunga. Leo nitie sahihi kwa ajili ya ngoma?"

"Mama Cropley, ni siku moja tu," Fanshawe akambembeleza.

"Basi sherehe yako iwe Jumatatu, mzee."

Siku ikafika. Hilda akasukuma rukwama lake katikati ya wapiga ngoma, akapanga viazi mahali pake. Wageni wakamzunguka, wakampiga picha. Walidhani naye ni mwigizaji.

"Anaigiza vizuri, jamani! Hebu muone hiyo aproni," mama mmoja akasema. "Na hivi viazi ni vya kweli?"

"King'ate uone!"

Wakacheka mpaka machozi, wakampigia makofi. Hakuna aliyenunua. Nani ananunua kiazi cha maigizo? Saa tano na nusu Hilda alikuwa ameacha matusi, anaita tu, "Viazi, jamani, viazi vizuri," na sauti imeanza kumkauka.

Na mimi, Len Dobney, fundi viatu, ninayewacheka wote hawa, nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye maandamano, nimevaa joho la mtawa. Fanshawe aliniomba, nikaona fahari. Mstari wetu ulisimama hatua tano kutoka kwa Hilda. Joho halikuwa na mfuko, lakini duka langu liko mlango wa tatu kutoka pale, na pesa zilikuwa ndani ya droo. Ningekwenda na kurudi kabla ya dakika mbili. Ila Fanshawe angeniona nimetoka kwenye mstari.

Hilda akanitambua. "Len," akasema polepole, asisikike na wageni. "Hata kimoja, Len. Utanipa hela baadaye, nipe neno tu kwamba umenunua."

Nikainamisha kichwa, kama mtawa anayesali. Kengele ikalia, watu wakashangilia.

Jumamosi iliyofuata, pale msalabani palisimama gari la kuuza kahawa. Nilikuwa wa pili kwenye foleni.