Hewa Baridi Chumbani kwa Mama

Mashine ile niliipata Kakuma, kwa mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini aliyeuza vifaa vilivyotolewa kwenye nyumba zilizohamwa. Ilikuwa tangi refu la kupasha maji, lenye feni juu yake. Feni huvuta hewa ya moto, mashine hunyonya joto lake na kulitia kwenye maji, kisha hewa hutoka ikiwa baridi. Umeme inaotumia ni kidogo.

"Wewe unataka kuchemsha maji Lodwar?" mwenye duka alinicheka. "Lodwar si imechemka yenyewe, ndugu?"

Sikumweleza habari za mama. Magoti yake yalikuwa yamevimba, hata hawezi kuinuka asubuhi bila kukandwa kwa maji moto, na moshi wa makaa aliyowasha dada yangu kila alfajiri ulimkaba kifua. Mimi sikuwepo. Miaka ishirini nimezunguka Lokichar, Kitale, Lokori, popote penye mabomba ya kuunganisha. Nikiwa huko napakumbuka nyumbani mpaka usingizi unapaa. Nikifika, siku ya nne natazama barabara.

Nilirudi Lodwar nimepanda nyuma ya lori, nikiishikilia mashine isilale, maana ikilala mafuta ya kompresa hupanda yasikotakiwa. Fundi yeyote angeifunga nje, ukutani, kivulini. Mimi niliifunga ndani, karibu na kitanda cha mama. Nimekulia chumba kile, chini ya mabati yake. Adhuhuri tulikuwa tukilowesha sakafu ndipo tulale. Maji moto yangemsaidia alfajiri, lakini zawadi yenyewe, nilijiambia, ni ile hewa. Nani Lodwar angekataa baridi mchana?

Jirani alikuja kusimama mlangoni, shuka yake ikipepea. "Mama yenu amehamia Limuru kwenye baridi," alisema, na hakutoka mpaka jua likapungua.

"Uko sawa, mama?" nilimuuliza.

"Ejok," alijibu. "Niko sawa."

Ile siku ya nne ilipita, nikabaki. Kulikuwa na valvu iliyovuja, kisha waya uliopata moto. Kila asubuhi mama aliuliza kama mashine bado inasumbua. Nikisema ndiyo, alitulia.

Wiki ya tatu dada yangu aliniita nyuma ya jiko.

"Umewahi kugusa miguu yake?"

"Ina nini?"

"Iguse. Ni kama ya maiti. Anajifunika blanketi mbili saa saba mchana, na wewe ukiingia anazisukuma chini ya kitanda."

"Mbona haniambii?"

"Akuambie uitoe nje, kazi iishe, uende zako? Wewe ni fundi wa mabomba, lakini mambo mengine huoni."

Niliingia, nikashika mguu wa mama. Ulikuwa baridi kuliko bomba. Goti lilikuwa limevimba kuliko nilipofika. Aliuvuta mguu taratibu, akasema hewa ni nzuri, niiache.

Nikaanza kuihamisha mashine nje. Ni kazi ya siku moja. Niliifanya kwa siku tatu, na mama alinitazama kutoka kwenye kiti chake, kwenye joto la uani, bila blanketi. Siku ya tatu aliuliza, "Umebakisha nini?"

"Kufunga bomba moja."

"Lifunge, baba."

Nililifunga. Jioni maji yalikuwa moto, na dada akaloweka kitambaa akaanza kumkanda. Mama alikuwa akiangalia mikono ya dada, si mimi.

"Unaondoka lini?" mama aliuliza.

Nilikuwa nimeshakubali kazi Lokori kwa simu, asubuhi ileile, kabla bomba halijafungwa. Hata sijui kwa nini sikungoja.

"Jumatatu," nilisema.

Mama aliitikia kwa kichwa, akanyoosha mguu wa pili ili dada aendelee.