Sauti ya Pili Katika Ile Kantata

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikifika katikati hutacheka tena. Haya sikusimuliwa na muntu. Yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa mchana, katika ukumbi wa parokia kule Gashonga, na watu ishirini wamesimama karibu yangu.

Kwaya yetu ni ya Kamembe. Mwalimu wetu, Papa Anselme, alisomea Bukavu kwa mapadri, na huko ndiko alikopenda kantata moja ya Kilatini, wimbo mrefu wa kwaya. Si ya kanisa. Ni mashairi ya kale ya wanafunzi wa Ulaya, ya karne nyingi zilizopita: pombe, mapenzi, bahati inayogeuka. Wamama fulani walinung'unika, lakini tulijifunza miezi mitano, kisha tukaenda Gashonga kurekodi, kwa sababu Kamembe moto, zile pikipiki za abiria, hazinyamazi.

Mvua ikatuwahi. Mabati yalipiga kelele hata tukashindwa kuanza. Tukiwa tunangoja, akaingia mwanamke wa makamo, kitenge cha buluu. Nje maji yanamwagika, niamini, lakini kitenge chake kilikuwa kikavu. Akanijia moja kwa moja.

"Maman, iko nafasi hapa?"

Ilikuwepo. Mwenzangu wa sauti ya pili alikuwa mgonjwa, hakuja. Nilidhani huyu ni wa kwaya ya pale, ameombwa na mwalimu.

"Iko, maman. Kuja," nikamwambia, nikamsogezea karatasi yangu ya nota. Hakuitazama hata mara moja.

Mvua ilipokatika tukaanza. Sauti ya yule mama! Nzito, tamu, haikatiki. Nikajiuliza, huyu anavuta pumzi saa ngapi? Nikageuza macho. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Imefungwa kabisa, nawaambia, na sauti inanitoboa sikio! Ningefanya nini? Nikaacha kuimba.

Akaniinamia. Wimbo wake unaendelea vilevile, na sauti nyingine inaninong'oneza: "Imba, maman. Ukinyamaza, nafasi yako naichukua."

Nikaimba huku nalia. Niliimba hadi nota ya mwisho, Mungu ananiona. Mwalimu alipoteremsha mikono, pembeni yangu hapakuwa na mtu.

"Yule maman ameenda wapi?" nikauliza.

Wakanishangaa. "Maman gani? Ulikuwa peke yako hapo."

Papa Anselme akatusikilizisha rekodi palepale. Sauti zote zilikuwemo. Yangu haikuwemo. Kila mahali nilipoimba mimi, alisikika yeye.

"Papa, futa," nikamsihi. "Huyu si mimi."

Akacheka. "Leo umeimba muzuri kuliko siku zote, na unataka nifute?"

Tangu siku ile siimbi. Kuongea naongea, kama mnavyonisikia, lakini nikijaribu wimbo wowote, hata wa ibada, koo linatoa upepo mtupu. Hospitali wanasema sina ugonjwa. Rekodi imeshaenea kwenye simu za watu; mpakani pale Rusizi ya kwanza, tunapovukia kwenda Bukavu, wananisimamisha kunipongeza.

Juzi binti yangu aliisikiliza jikoni. Akaja mbio, anacheka: "Mama, kumbe hapa katikati unaita jina langu!"

Nilimnyang'anya simu, nikaizima.

Kwa hiyo nawaambia: muntu msiyemjua akisimama nanyi kuimba, mumuulize jina. Asipolitaja, tokeni nje, hata kama mwalimu amekwisha kuinua mikono. Na hiyo rekodi ikikufikia, tafadhali, usiwafungulie batoto.