Utani Wangu Ulimnyamazisha Binamu Yangu Msibani

Nimekosa, jamani. Msinipoze kwa kuniambia ile ni mila. Najua ni mila, na ndiyo iliyoniponza.

Mimi ni mama wa makamo, nauza mchele hapa Masumbwe. Huku kwetu mabinamu ni watani, na mtani msibani ana ruhusa zote. Anamwigiza marehemu, anawacheka wafiwa, watu wapate kupumua, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Kwenye ukoo wetu kazi hiyo ni yangu. Nilivyokuwa najisifia!

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alifiwa na mkewe baada ya mke huyo kuugua sana. Binamu anasaga mawe ya dhahabu kwenye mashine ya karasha, mikono yake migumu kama gome, lakini akiimba sauti yake ni nyembamba, inapanda kuliko ya kinamama wa kwaya. Mkewe alipokuwa kitandani alipenda video moja kwenye simu. Mwanamume wa Kizungu anaimba kwa sauti ya namna hiyohiyo wimbo wa kale, wa karne nyingi zilizopita, wa mtu anayemlilia mpenzi wake. Akamwomba mumewe amwimbie huo siku yake ikifika. Binamu akajifunza neno kwa neno, lugha yenyewe haijui.

Siku ya mazishi, kabla jeneza halijatolewa uani, akasimama kando yake. Mpiga kinanda wa kwaya akaanza taratibu.

Jamani, ile sauti! Ilitoka polepole, ikapanda, ikabaki huko juu. Kinamama waliokuwa wanapeta mchele wakasimamisha nyungo. Wachimbaji waliokaa nyuma wakavua kofia. Mama mzazi wa marehemu, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu taarifa ije, akaanza kutetemeka mabega. Hakuna aliyejua maneno yale yanasema nini, lakini kila mtu yalimwingia.

Na mimi machozi yakanilenga. Hapo ndipo shetani aliponipitia. Nikajiuliza, mtani akilia, nani atachekesha? Niliogopa kilio changu mwenyewe, huo ndio ukweli.

Nikajifunga kanga kichwani, nikashika mwiko kama kipaza sauti, nikamjia kwa nyuma nikimwigiza kwa sauti ya kuku anayetaka kutaga. Watu wakaangua kicheko. Walikuwa wamebanwa, wangefanya nini?

Binamu akanyamaza. Kukasirika hakuweza, mila ilimfunga. Akanigeukia, akasema:

"Sawa, binamu. Umeshinda."

Wakabeba jeneza, wimbo ukiwa nusu.

Kumbe kuna mtu alikuwa anarekodi. Video ikazunguka kwenye magrupu mpaka machimboni. Nilidhani watu watacheka na kunisifia. Wapi! Wakauliza huyu anayeimba ni nani, na huyo mwanamke mpumbavu katokea wapi. Mama mmoja muuza dagaa wa Nkome, ambaye mumewe alizama ziwani, alituma ujumbe wa sauti. Alisema tangu azike hakuweza kulia mpaka alipomsikia binamu yangu, kisha zikaja kelele zangu, na kilio kikamkaukia kifuani. Akaomba atumiwe wimbo mzima. Mzima uko wapi?

Nikaenda kwa binamu, nikapiga magoti mlangoni. Nikamwomba msamaha, nikamsihi aurudie, hata kaburini tukiwa wawili tu. Akaninyanyua. Laiti angenitukana!

"Nimejaribu," akasema. "Zamani nikiimba nilikuwa namwona yeye. Sasa nikifika pale, nakusikia wewe."

Nilirudi nyumbani sijui nilipita njia gani.

Tangu utotoni sisi hatujawahi kusalimiana kwa adabu. Yeye ananiita mchawi, mimi namwita ng'ombe asiyefaa hata kwa mahari, tunacheka. Jumapili iliyopita nilimkuta nje ya kanisa nikamchokoza kama kawaida. Akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo, dada." Kisha akaenda zake. Hapo nikajua utani wetu umekufa.

Watani wenzangu, ruhusa tunayo, lakini si lazima kuitumia kila mara. Msiba ukinyamaza, nyamaza nao. Machozi yakikujia, yaache yatoke mbele za watu, hakuna aibu. Mimi niliyakimbia siku ile, na sasa nalia kila siku, na mtani wa kunichekesha sina.